Churchill, karanga za Nachingwea na swali la kijana wa bodaboda

Juzi tulikuwa Masasi kwenye kipindi chetu cha elimu kwa umma, mada ilikuwa kodi, ila kama kawaida maswali yakaenda kwingine kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono akasema, mwalimu, mi kila nikifungua simu nawasikia wanasiasa wa Ulaya na Marekani wanajiita wahafidhina, wanataka serikali ipungue, watu waachiwe uhuru wao, alafu eti maisha yatakuwa nafuu, sasa serikali ikipungua barabara ya Newala nani atatutengenezea? Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini muda ulikuwa umeisha na jibu nililompa halikuniridhisha hata mwenyewe. Naomba nilijibu upya hapa.

Na sitaanzia Ulaya, ntaanzia Nachingwea.

Vita vya pili vya dunia vilipoisha mwaka 1945 Uingereza ilikuwa imeshinda ila iko hoi. Kila mtu alikuwa na kitabu cha mgao, nyama kwa mgao, sukari kwa mgao, chai, siagi, mafuta, na mwaka 1946 mpaka mkate ukaingizwa kwenye mgao, kitu ambacho hata wakati mabomu yanadondoka London hakikufanyika. Serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya chama cha Labour chini ya Clement Attlee, watu walioamini kwamba mambo makubwa yapangwe na serikali, na kwenye hili la mafuta ya kupikia jibu walilolipata likawa ni Tanganyika: zifyekwe zaidi ya ekari milioni 3 za pori, zilimwe karanga kwa mashine, Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini, Nachingwea.

Kazi ikaanza 1947 kwa papara za ajabu. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Kule Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mibuyu ikavunja mashine, mvua nayo ikafanya inavyotaka yenyewe. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika hata 10,000, yaani mkulima yeyote wa Kongwa angewaambia hayo bure kabla hawajashusha trekta hata moja, ila hakuna aliyemuuliza. Januari 1951 serikali ikatangaza kwamba imeshindwa, na pauni milioni 36 za walipakodi zimeondoka hivo. Mafuta hayakuonekana, kina mama wa Uingereza wakaendelea na vitabu vyao vya mgao.

Sasa hapo ndo anaingia mhafidhina wetu, Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa vita na ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa upinzani. Chama chake cha Conservative kikazibeba zile karanga kwenye mikutano na bungeni mpaka neno lenyewe likawa kejeli ya kisiasa, ukitaka kusema serikali imeharibu pesa unasema karanga, basi, watu wameelewa. Na kaulimbiu yao ilikuwa fupi: wafungulieni watu. Wenye umri wangu mtaielewa haraka nikisema ilikuwa kama ile ruksa ya Mzee Mwinyi. Mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 80, sukari na sabuni kwa foleni duka la kaya, alafu baada ya 1985 tukaambiwa ruksa, na bidhaa zikaonekana dukani, ingawa hela ya kununulia ndo ikawa shida nyingine.

Hoja ya wahafidhina ukiivua makelele ya majukwaani ni kwamba mtu aliyeko ofisini mbali hawezi kujua anachokijua mwenye shamba, mwenye duka au mwenye mashua, sio kwamba mtu huyo ni mjinga, ni kwamba habari zenyewe hazimfikii, na zikimfikia zimechelewa na zimepambwa. Alafu kuna suala la nani anaumia ikikosewa. Mfanyabiashara akikosea hesabu anafilisika yeye na labda shemeji yake aliyemkopesha. Serikali ikikosea tunafilisika wote na ofisa mhusika anahamishwa kituo cha kazi. Na kuhusu bei wanasema ukiipanga kwa amri kitu hakishuki bei, kinapotea dukani, au kipo ila kipo chini ya meza. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipopanda hapa nchini serikali ikatoa bei elekezi, na kila mama ntilie wa Mtwara anaweza kukuambia tofauti ya bei aliyoisikia redioni na bei aliyolipa dukani. Tatizo lilikuwa sukari yenyewe ni chache, mvua zilikuwa zimeharibu uzalishaji viwandani, na karatasi ya bei haizalishi sukari. Hapo wahafidhina wako sahihi na mi sina ubishi.

Churchill alirudi madarakani Oktoba 1951 na akaanza kufungua kimoja kimoja. Chai ikatoka kwenye mgao 1952, sukari Septemba 1953, viwanda vya chuma vikarudishwa kwa watu binafsi mwaka huohuo, na nyama ikawa ya mwisho, tarehe 4 Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Kuna kingine ambacho wengi hawakijui, Februari 1952 alifuta vitambulisho vya taifa. Viliwekwa kwa ajili ya vita, vita vikaisha lakini polisi wakaendelea kuwadai watu barabarani, na wahafidhina wakaona mtu huru haombwi karatasi akitembea kwenye nchi yake. Sisi huku mtu anakitafuta kitambulisho kwa udi na uvumba ili asajili laini ya simu, wenzetu walifurahi kukitupa!

Lakini sasa, kijana wangu wa bodaboda, sikiliza na hili. Churchill huyohuyo hakuzifuta hospitali za bure zilizoanzishwa na Labour mwaka 1948. Na kwenye makazi chama chake kiliahidi kujenga nyumba 300,000 kwa mwaka na mwaka 1953 wakafikisha, na nyingi zilijengwa na halmashauri, kwa pesa ya umma. Kwahiyo ukimsikia mhafidhina anasema serikali yenye mipaka, muulize mipaka ipi, kwasababu hata wao kwa wao hawakubaliani. Margaret Thatcher aliyeshika nchi ileile 1979 alikuwa mkali zaidi, akaziuza nyumba za halmashauri kwa wapangaji wenyewe, akauza shirika la simu, mfumuko wa bei ukashuka kweli kutoka kama asilimia 18 mwaka 1980 mpaka chini ya asilimia 5 mwaka 1983, ila watu zaidi ya milioni 3 wakawa hawana kazi. Bei imeshuka na wewe huna mshahara, huo unafuu unauonaje?

Tuje kwenye korosho maana najua ndo mlikuwa mnasubiri.

Miaka ya 90 soko la korosho lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, na kwa hoja ya kihafidhina mkulima alitakiwa afurahi. Kilichotokea ni kangomba. Mkulima amebanwa, mtoto anatakiwa shule, salfa ya kuzuia ubwiri unga haijanunuliwa, anakuja mtu na bakuli lake la kupimia, anazichukua korosho zingali juu ya mti kwa bei ya kutupa. Ni mkataba huru kati ya watu wazima wawili? Kwenye karatasi ndiyo. Lakini mmoja ana njaa na mwingine ana gari, na mtu asiye na ghala wala mkopo hana muda wa kusubiri bei nzuri. Hili wahafidhina wengi wanalipita harakaharaka, na mi nadhani ndo udhaifu wao mkubwa.

Ndipo 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho zikakusanywa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zikawekwa ghalani, wanunuzi wakashindana mnadani. Huo sio uhuru wa kila mtu auze anakotaka, ni serikali kuingilia. Na bado msimu wa 2017 bei zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakajenga, pikipiki zikanunuliwa, mnajua wenyewe.

Msimu uliofuata ukaja upande wa pili. Wanunuzi wakataja bei chini ya 3,000, wakulima wakagoma, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamua serikali inunue yote kwa 3,300, jeshi likaja na malori. Siku hiyo tulishangilia, nisijifanye mimi sikushangilia. Kisha uhakiki, kisha kusubiri, wengine walilipwa mapema na wengine ilichukua miezi, na mzigo wenyewe ukawa mikononi mwa serikali inayotakiwa kwenda kutafuta mteja kama mfanyabiashara, kazi ambayo sio yake. Mnada ule wa serikali kusimamia mizani na serikali kuwa mnunuzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama kuna mstari wa kuuchora kuhusu mipaka ya serikali, mi ningeuchora hapo, katikati ya mwaka 2017 na 2018. Na ningeongeza lile la ushuru wa kusafirisha korosho nje, ambao asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe mpaka Bunge lilipobadili sheria katikati ya 2018 zikaenda zote Hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele sana, na walichokuwa wanasema ni uhafidhina mtupu hata kama hawakulitumia neno hilo: pesa ikae karibu na aliyeitoa.

Kuna mzee pale Masasi alinisimamisha nje baada ya kipindi akaniambia, huyo Churchill wako unayemsifia uhuru mbona sisi hakutuachia? Sikuwa nimemsifia, ila swali ni la haki. Mgao wa nyama ulifutwa London tarehe 4 Julai 1954. Siku tatu baadae, tarehe 7, ikaanzishwa TANU, na waliyekuwa wanamdai uhuru ni serikali ya Churchill huyohuyo. Wafungulieni watu ilikuwa na mipaka yake, iliishia ufukweni kwao.

Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya zile karanga iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Ila gati la Mtwara, ambalo nalo lilijengwa kwa pesa hizohizo zilizopotea, lipo, na msimu ukifika meli za korosho zinafunga hapohapo.