Je, wajua kwa nini kipimo cha mwanga hupanda huku kioo cha laptopu kikibaki hafifu?

Laptopu ya mtumba imenunuliwa Ngamiani, Tanga, fundi kaiwekea mfumo wa Linux. Mchana barazani, jua kali, unabonyeza Fn na kitufe cha mwanga: mstari unajaa mpaka mwisho, kioo kiko vilevile. Usikimbilie kununua kioo kipya. Huenda amri imegonga mlango usio na mtu.

Milango, yaani njia za amri ya mwanga kufika kwenye kioo, ni mitatu. Wa kwanza ni wa pamoja, ACPI, kanuni iliyotolewa mwaka 1996 ili mfumo wowote uelewane na BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) ya kampuni yoyote. Humo, _BCL hutaja viwango vya mwanga vilivyopo na _BCM hukiweka kile ulichochagua. Wa pili ni wa kampuni yenyewe: ThinkPad ina njia yake, Asus yake, na kila moja inataka draiva yake, yaani programu ya kukiendesha kifaa. Wa tatu hauiulizi BIOS neno. Draiva ya grafiki huziongoza taa za nyuma ya kioo moja kwa moja.

Mlango wa pamoja uliharibika baada ya Windows 8 ya mwaka 2012. Windows ilihamia mlango wa tatu, na watengenezaji wengi wakaacha kuujaribu ule wa kwanza. Kwa hiyo kwenye mashine kadhaa _BCM ipo, inapokea namba, haifanyi kitu. Kwa mtumiaji hiyo ni mbaya kuliko kukosekana kabisa.

Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike `ls /sys/class/backlight`. Tuseme umeona acpi_video0, mlango wa kwanza, na intel_backlight, mlango wa tatu. Soma faili la max_brightness, kiwango cha juu kabisa, ndani ya intel_backlight. Likisema 937, jaribu karibu nusu yake:

`echo 470 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness`

Kioo kikibadilika, mlango wako ni wa tatu. Ila usiandike 0: baadhi ya mashine huzima taa kabisa, ukabaki unapapasa kibodi gizani.

Kabla ya kubadili chochote kwa kudumu, jaribu kwanza. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoianzisha Linux mashine ikiwaka, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza `acpi_backlight=native`, kisha Ctrl+X. Ukikosea, zima na uwashe, hakuna kilichohifadhiwa. Ikifaa, maneno hayohayo yaingie kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, halafu `sudo update-grub`. Hapo `native` ni mlango wa tatu; wa kampuni huitwa `vendor`, wa pamoja `video`. Ukiweka `vendor` na folda ya backlight ikabaki tupu, hakuna draiva ya kampuni iliyojitokeza. Rudi kwenye `native`.