Lahaja si Kiswahili kilichoharibika

Wako wanaoamini kuwa Mpemba, Mtumbatu au Mmakunduchi, watu wa Zanzibar wenye lahaja zao, hukiharibu Kiswahili, na kwamba cha mjini Unguja ndicho asili. Si kweli. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha skuli na vitabu. Lahaja nyengine zilikuwapo kabla ya hapo, tena zina kanuni zake kamili za vitenzi. Mtu huyohuyo huzungumza Kitumbatu dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, na sanifu afisini, mara nyingi bila hata kufikiri, kwa kufuata alio nao. Tatizo kubwa liko darasani: mtoto akichekwa kwa lahaja yake hunyamaza, na mwalimu hudhani hajui. Mwalimu apokee jibu kwanza, ndipo aonyeshe linavyoandikwa kwa sanifu.