Kadi Isichapwe Kabla ya Kujua Ndoa Inafungwa Wapi

Maharusi wa dini mbili wakija ofisini kwangu, cha kwanza wanachouliza ni ukumbi. Mimi huwauliza ndoa yenyewe inafungwa wapi, na hapo hutazamana. Jibu linalofuata huwa ni lile la kuridhisha wazazi wa pande zote: asubuhi nikaha kwa shehe, saa nane kanisani, jioni ukumbini. Kwenye kikao cha familia linapigiwa makofi. Kama mmoja wao ni Mkatoliki, halitekelezeki. Kanuni ya 1127 ya Sheria za Kanisa inakataza ndoa ileile kufungwa kwa ibada nyingine ya dini, iwe kabla au baada. Padri akisikia kuna nikaha asubuhi, hamfungishi ndoa.

Chukueni mfano ninaokutana nao zaidi: kijana Muislamu, binti Mkatoliki. Upande wa kijana, aya ya 5 ya Suratul Maida inamruhusu mwanamume Muislamu kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab, yaani Mkristo au Myahudi, ingawa mashehe wa madhehebu ya Kishafii, ambao ndio wengi pwani yetu, huiwekea masharti mazito, na wapo watakaomwambia wazi kwamba binti asilimu kwanza. Ikiwa binti ndiye Muislamu na kijana ni Mkristo, msizunguke mkitafuta shehe wa kuwafungisha. Hapo ni mmoja abadili dini au mwende bomani, kwa ndoa ya kiserikali. Na kubadili dini ili tu kuwahi tarehe ya ukumbi siungi mkono hata kidogo.

Upande wa binti, ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi cha tofauti ya dini, na kibali cha kukiondoa hutoka kwa askofu wa jimbo. Ombi linaanzia kwa paroko, kwa hiyo nendeni mapema, miezi kabla. Katika kulishughulikia, Mkatoliki anaahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa tu ahadi hiyo. Hatakiwi kubadili dini wala kuahidi chochote juu ya imani yake. Hili wazee lazima walisikie kutoka kwa kijana wao mwenyewe, sebuleni, siku tulivu. Mama akilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazoezi kanisani, mtakuwa na msiba badala ya harusi.

Iko njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Askofu anaweza, kwa sababu nzito, kumruhusu Mkatoliki asifuate taratibu za kawaida za kufunga ndoa kanisani. Akiitoa ruhusa hiyo, ndoa ya bomani inatambuliwa na Kanisa, na binti anaendelea kupokea Komunyo. Bila ruhusa, harekodiwi parokiani kama mtu mwenye ndoa na Komunyo hapati. Kwa familia zilizogoma kabisa kuingia nyumba ya ibada ya wenzao, mimi huwashauri wakamwulize paroko kuhusu hili kabla ya kukata tamaa.

Sasa bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya Tanzania Bara (Zanzibar wana utaratibu wao), inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, itangazwe ili mwenye pingamizi aseme, na siku yenyewe wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Kuna swali moja ambapo nimeona kalamu ikiganda: ndoa hii ni ya mke mmoja au ya wake zaidi ya mmoja? Kijana anamtazama binti, binti anatazama ukuta. Jibuni hilo nyumbani. Mkifunga Kiislamu, sheria inaichukulia kuwa ni ndoa inayoruhusu wake zaidi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkifunga bomani au kanisani, inaichukulia kuwa ya mke mmoja.

Jambo jingine ambalo hakuna anayetaka kulitaja wakati wa furaha ni mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, mume na mke wa dini tofauti hawarithiani. Kilichopo ni wasia, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Muoneni mwanasheria, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, nao wanaandika na kutunza wasia.

Kuhusu tarehe, tazameni kalenda zote mbili. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresma, ni tarehe 18 Februari, na Ramadhani inaanza wiki hiyohiyo. Mwaka 2027 hali ni ileile, mapema Februari. Idi inatangulia Pasaka, kwa hiyo upande mmoja utakuwa umeshamaliza mfungo na mwingine bado yuko Kwaresma, msimu ambao parokia nyingi hazitaki harusi. Baada ya Pasaka kila mtu anagombania Jumamosi zilezile.

Ukumbini mambo ni madogo ila yana kelele. Familia ya Kichaga haitaki kusikia harusi bila ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na ndafu analetwa mzimamzima na majani mdomoni, mbele ya kamera. Meza ya shangazi wa Kiislamu swali ni moja tu: nani kachinja? Kwa hiyo mbuzi anunuliwe akiwa hai, achinjwe na Muislamu, na mjomba wa bwana harusi awepo akishuhudia. Mjomba huyo atakuwa ameshawaambia wote kabla ndafu hajaingia. Jikoni kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isionekane kabisa, hata kwa ajili ya wapiga picha. MC apewe kwa maandishi nani anasoma dua ya kufungua na nani anasali mwisho, maana akiachiwa aamue mwenyewe atamwita anayemfahamu.

Pombe huwa inavunja kamati. Mchango wa mjumbe Muislamu ukinunua kreti za bia, miezi sita baadaye bado utasikia habari zake. Ninachofanya ni kuitoa bia kwenye bajeti kuu: upande wa bibi harusi wanaichangia wenyewe, mweka hazina anafungua ukurasa wake peke yake, na kaunta inakaa nje, mlango wa nyuma, si ndani ya ukumbi.