Je, wajua kwa nini kauri inayochuja oksijeni huongezewa fedha?

Chungu cha udongo kikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande, ilhali sufuria ya alumini ikianguka kutoka kimo kilekile hubonyea tu na kuendelea kutumika. Tofauti hiyo imewashughulisha kwa miongo kadhaa wahandisi wanaotengeneza tando za kauri za kutenganisha gesi, yaani mabamba na mabomba membamba ya kauri ambayo huruhusu gesi moja ipite na kuizuia nyingine. Mojawapo ya njia walizozipata za kuzifanya tando hizo zidumu ni kuchanganya unga wa kauri na metali, mara nyingi fedha, kabla ya kuuchoma katika tanuri. Jambo linalostahili kuelezwa ni kwamba fedha ni metali laini, laini kuliko kauri yenyewe kwa mbali, na ulaini huo ndio hasa unaoipa kauri uimara.

Kwanza tuone tando hizi zinatafutiwa nini. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni takriban asilimia 21, na viwanda vya chuma, vya kemikali na vya kioo huhitaji oksijeni iliyotengwa kwa wingi mno. Tangu Carl von Linde wa Ujerumani alipofaulu kuigeuza hewa kuwa kimiminika mwaka 1895, na baadaye mwaka 1902 kuipata oksijeni kutokana na kimiminika hicho, njia kuu ya viwandani imekuwa kuipoza hewa na kutumia tofauti ya viwango vya kuchemka: naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri na oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Njia hiyo hutoa gesi safi sana, lakini hutumia umeme mwingi na hufaa zaidi mtambo unapokuwa mkubwa. Mitambo midogo inayofungwa hospitalini hutumia punje za zeolaiti, madini yenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni yenye usafi wa takriban asilimia 93, kiwango kinachomtosha mgonjwa lakini kisichotosha kwa kazi nyingi za kiwandani.

Utando wa kauri hufuata njia nyingine kabisa. Kauri inayotumika ni ya kundi la perovskiti, jina lililotokana na madini yaliyogunduliwa katika milima ya Ural nchini Urusi mwaka 1839, na mchanganyiko wake ulio maarufu zaidi una lanthani, stronti, kobalti na chuma pamoja na oksijeni. Mwaka 1985 Yasutake Teraoka na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kauri ya namna hiyo, ikipashwa joto kali, hupitisha oksijeni. Molekuli ya oksijeni inapogusa uso wa kauri yenye joto la nyuzi 800 hadi 900 hugawanyika kuwa atomi mbili, kila atomi huchukua elektroni mbili na kuwa ioni, kisha ioni hiyo huruka kutoka nafasi moja tupu hadi nyingine ndani ya fuwele mpaka ifike upande wa pili, ambako huziacha elektroni zake na kuungana na mwenzake kuwa gesi tena. Elektroni zilizoachwa hurudi zilikotoka kwa kupitia kauri hiyohiyo, kwa hiyo hapahitajiki waya wala betri. Kinachosukuma safari yote ni tofauti ya shinikizo la oksijeni kati ya pande mbili za utando. Naitrojeni haiwezi kusafiri hivyo, basi hubaki upande ilikoingilia. Kinadharia, oksijeni inayotokea upande wa pili ni safi kwa asilimia 100.

Usafi huo una sharti moja, nalo ni kwamba kauri iwe nzima. Tundu dogo au ufa mwembamba usioonekana kwa macho hupitisha hewa yote kama ilivyo, na papo hapo thamani ya utando hupotea. Ndiyo maana swali la nguvu ya kauri haliwezi kutenganishwa na swali la usafi wa gesi, wala haitoshi kuunenepesha utando ili usivunjike, kwa kuwa unene ukiongezeka ioni husafiri mbali zaidi na kiasi cha oksijeni kinachopita hupungua.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, alipokuwa akichunguza kioo, alieleza kwa nini vitu vya namna hii huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko tunavyotarajia. Kila kipande cha kioo au kauri kina dosari ndogondogo, na kipande kinapovutwa, mkazo hujikusanya kwenye ncha ya dosari hizo. Dosari ikiwa ndefu mara nne, nguvu ya kuhimili mvuto hupungua kwa nusu. Katika metali hali huwa afadhali, kwa sababu atomi zake zinaweza kuteleza safu juu ya safu, ncha ya ufa ikawa butu na nguvu ikaishia katika kunyumbuka. Katika kauri, atomi zimefungamana kwa namna isiyoruhusu utelezi huo, hivyo ncha hubaki kali na ufa husonga mbele kwa kasi. Kwa kipimo ambacho wahandisi hukitumia kueleza ukinzani wa kitu dhidi ya ufa, perovskiti za tando hupata takriban 1, karibu sawa na kioo cha dirisha, ilhali vyuma vingi vya ujenzi hupata 50 au zaidi.

Mtu anaweza kuuliza ni nani anayeuvuta utando huo, ilhali umekaa kimya ndani ya mtambo. Jibu ni kwamba unajivuta wenyewe. Perovskiti hizi hutanuka sana zinapopata joto: bomba la mita 1 likipashwa kutoka joto la kawaida hadi karibu nyuzi 870 hurefuka kwa zaidi ya sentimita 1, na sehemu moja ikipata moto kabla ya nyingine, sehemu hizo huvutana. Kuna pia chanzo cha pili ambacho kauri nyingi za kawaida hazina, na kwa maoni yangu ndicho kigumu zaidi kukidhibiti. Kauri hii inapopoteza sehemu ya oksijeni yake, atomi za chuma na kobalti zilizomo hupokea elektroni na kuwa kubwa zaidi, na fuwele nzima hutanuka hata kama joto halikubadilika. Sasa fikiria utando ambao upande mmoja unapigwa na hewa na upande wa pili unagusana na methani inayoinyakua oksijeni kila inapotokea. Upande wa methani unataka kutanuka, upande wa hewa hautaki, na kwa kuwa pande zote mbili ni mwili mmoja, ule wa methani hugandamizwa na ule wa hewa huvutwa. Mvuto ndio adui wa kauri. Mtambo unapozimwa, oksijeni hurudi ndani ya fuwele, vipimo hubadilika tena, na nyufa ndogo zilizoanza wakati wa kazi hupata nafasi ya kukua.

Hapa ndipo metali inapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wahandisi wa gesi za viwandani nchini Marekani walikuwa tayari wameandika hataza kuhusu kuongeza metali kama fedha, au aloi ya fedha na paladi, ndani ya perovskiti kwa shabaha ya kuiongezea nguvu. Chembe za metali hutapakaa katikati ya chembe za kauri. Ufa ukianza na kusonga mbele hukutana na chembe ya fedha, na chembe hiyo haivunjiki mara moja. Hurefuka, huku ikizishika kingo mbili za ufa zisiachane, na nguvu ambayo ingeusukuma ufa mbele hutumika katika kuinyumbua metali. Nyuma ya ncha ya ufa hubaki vipande vingi vya metali vilivyonyooshwa, kila kimoja kikivuta kingo zirudiane. Metali ngumu isiyonyumbuka isingefanya kazi hiyo, kwa sababu ingepasuka pamoja na kauri. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba ulaini wa fedha ndio unaoleta uimara.

Kuna faida nyingine zinazoambatana na hiyo. Chembe za metali zilizokaa kwenye mipaka ya chembe za kauri huzizuia chembe hizo zisikue kupita kiasi wakati wa kuchomwa, na kauri yenye chembe ndogo huwa na dosari fupi, jambo ambalo kwa mujibu wa Griffith ni nguvu ya moja kwa moja. Fedha pia husaidia molekuli za oksijeni kugawanyika juu ya uso wa utando, hivyo metali iliyoletwa kwa ajili ya nguvu huweza kusaidia hata katika kazi ya kuchuja.

Lakini si kila metali inafaa. Utando wa oksijeni huishi ndani ya hewa yenye joto kali, mahali ambapo chuma, shaba na nikeli huungua na kuwa oksidi, yaani hugeuka kuwa kauri nyingine isiyonyumbuka. Kwa hiyo uchaguzi hubaki katika metali za thamani. Paladi hustahimili, ingawa chini ya takriban nyuzi 800 katika hewa huweza kushikana na oksijeni na kubadili ujazo wake, kisha ikaachana nayo joto likizidi hapo. Fedha haina tatizo hilo, bei yake ni nafuu kuliko ya paladi, na kutanuka kwake kwa joto, takriban sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kunakaribiana na kwa perovskiti nyingi za kundi hili. Ukaribu huo ni wa lazima, kwa kuwa metali inayosinyaa kwa kiwango kilicho mbali na cha kauri ingejibandua kila mtambo unapopoa.

Udhaifu wa fedha ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 962, huku perovskiti nyingi zikihitaji kuchomwa kwa nyuzi 1200 hivi ili matundu yote yazibe. Ndani ya tanuri, basi, fedha huwa kimiminika, na kwa kuwa fedha iliyoyeyuka haipendi kutandaa juu ya oksidi, hujikusanya kuwa matone, au hutiririka hadi usoni na sehemu yake kugeuka mvuke. Kuongeza paladi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1555, hupandisha kiwango cha kuyeyuka cha aloi na kupunguza tatizo hilo, kwa gharama kubwa zaidi. Kuongeza oksidi ya shaba kidogo huifanya fedha ishikane vizuri zaidi na kauri, maarifa ambayo pia hutumika katika kuunganisha mabomba ya kauri na vyuma kwa lehemu ya fedha.

Suala la kiasi lina undani wake. Perovskiti hupitisha ioni na elektroni pia, kwa hiyo metali iliyoongezwa kwa ajili ya nguvu haina haja ya kugusana chembe kwa chembe. Kiasi kidogo kilichotapakaa kinatosha, na kuzidisha ni kuziba njia za ioni bila sababu. Hali ni tofauti kwa kauri zinazopitisha ioni peke yake, kama zirkonia yenye itria au oksidi ya bismathi iliyoimarishwa. Hizo haziwezi kufanya kazi bila mtu wa kuzirudishia elektroni, na metali ndiyo inayopewa wajibu huo. Katika Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, miaka ya 1990, watafiti walitengeneza tando za oksidi ya bismathi zenye fedha kwa takriban asilimia 40 ya ujazo, kiasi cha kutosha ili chembe za fedha zishikane na kuwa njia isiyokatika kutoka upande mmoja hadi wa pili. Metali moja, basi, huweza kuwekwa kwa sababu mbili tofauti, na anayesoma kuhusu tando hizi afaa aangalie kwanza ni sababu ipi inayokusudiwa, kwa sababu vipimo vinavyofaa kwa moja havifai kwa nyingine.

Tando za kuchuja haidrojeni nazo zina mfano wake. Mwaka 1981 Hiroyasu Iwahara wa Japani na wenzake walieleza kauri za serati, yaani oksidi zenye metali ya seri, ambazo hupitisha protoni, yaani haidrojeni isiyo na elektroni yake. Katika maabara ya taifa ya Argonne, karibu na Chicago, serati ya bari ilichanganywa na nikeli ili elektroni zipate njia na utando usiwe dhaifu kama kauri tupu. Nikeli, ambayo ingeungua katika hewa, hapa hubaki metali kwa sababu imezungukwa na haidrojeni. Tatizo la tando hizo liko kwenye kauri yenyewe: serati ya bari hushambuliwa na kaboni dioksidi na kugeuka kabonati, na gesi inayotoka kwenye makaa ya mawe au methani huwa na kaboni dioksidi nyingi.

Wapo wahandisi walioamua kuitoa metali ndani ya utando na kuiweka chini yake. Hutengeneza bamba la chuma lenye vinyweleo, kisha hulipaka tabaka la kauri lenye unene wa sehemu ndogo ya milimita, ili chuma kibebe mzigo na kauri ifanye kazi ya kuchuja peke yake. Muundo huu una mantiki, na nadhani utafika mbali kwa sababu metali yake ni ya bei nafuu na tabaka jembamba hupitisha oksijeni zaidi. Kikwazo chake ni kromi iliyomo katika vyuma visivyoshika kutu: kwenye joto la kazi hugeuka mvuke, hutua juu ya perovskiti, na kushikana na stronti kuwa kromati inayoziba uso ambao oksijeni ilipaswa kuingilia. Kwa hiyo chuma hicho nacho huhitaji kupakwa tabaka la kukizuia kisitoe kromi, na tabaka hilo lazima litanuke kwa kiwango kimoja na chuma kilicho chini yake na kauri iliyo juu yake.