Memori kiasi gani inatosha kwa prosesa yako?

Ukipita kwenye maduka ya laptopu za mtumba Darajani au Mlandege, hapa Zanzibar, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni aina ya prosesa, yaani kile kipande kinachopiga hesabu zote za kompyuta. "Hii i7, dada, mashine ya kazi." (i7 ni daraja la prosesa za Intel, juu ya i5.) Memori haitajwi mpaka uulize mwenyewe, na mara nyingi jibu linakuwa gigabaiti 4. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu prosesa kali iliyowekewa memori ndogo haitakupa kasi unayoilipia.

Uwiano wa memori na prosesa ni kile kiasi cha memori kinachoiwezesha prosesa kufanya kazi bila ya kukaa ikisubiri. Memori ninayoisema ni RAM, ile inayoshika vitu vinavyotumika kwa wakati huo, si diski ya kuwekea picha na mafaili. Ukitajiwa gigabaiti 500, ujue hiyo ni diski, uliza tena.

Prosesa haifanyi kazi moja kwa moja na vilivyomo kwenye diski. Programu, waraka, ukurasa wa intaneti, vyote sharti vipakiwe kwanza kwenye RAM. Muuza urojo anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko wote Forodhani, lakini kama meza yake inaenea sufuria tu na bajia, kachori na chatine zimebaki nyumbani, kila bakuli litamgharimu safari. RAM ikijaa, kompyuta nayo huanza safari hizo: inahamishia baadhi ya vitu kwenye diski, kisha inavirudisha vinapotakiwa. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, huchukua muda wa kama mara elfu moja ya huo. Diski ya zamani inayozunguka huweza kuchukua milisekunde 10, na katika muda huo prosesa ya gigahezi 3 imeshapiga mapigo milioni 30 bila ya kazi yoyote ya maana kwa programu inayosubiri.

Wahandisi walianza kulipigia hesabu jambo hili zamani. Gene Amdahl, msanifu wa kompyuta za IBM za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, anahusishwa na kanuni inayosema hivi: kwa kila amri milioni 1 ambazo prosesa inatekeleza kwa sekunde, kompyuta iwe na memori ya megabaiti 1 hivi. Prosesa ya leo yenye viini 4, yaani sehemu nne zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake, inaweza kutekeleza amri makumi ya mabilioni kwa sekunde, kwa hiyo ukiifuata kanuni neno kwa neno, laptopu ya kawaida ingetakiwa iwe na makumi ya gigabaiti. Haihitaji, kwa sababu muda mwingi prosesa hiyo inamsubiri mtu aandike herufi inayofuata. Kanuni inafaa zaidi pale ambapo viini vyote vinafanya kazi kwa pamoja.

Ndiyo maana hakuna uwiano mmoja unaomfaa kila mtu. Amazon, inayokodisha seva, huzipanga kwa makundi: kundi la kazi za kawaida lina gigabaiti 4 kwa kila prosesa pepe (fungu la prosesa linalokodishwa kama prosesa nzima), la hesabu nzito 2, na la hifadhidata kubwa 8. Prosesa zinaweza kulingana. Kazi ndiyo inayobadilisha memori.

Hapa kwetu mfano mzuri ni mradi wa kupiga ramani ya visiwa vyetu kwa droni, ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi. Droni hupiga maelfu ya picha, kisha programu huzilinganisha na kuziunganisha ziwe ramani moja. Viini vyote vinahenyeka, na kila kimoja kinataka sehemu yake ya picha iwe ndani ya RAM. Kazi kama hiyo hata gigabaiti 32 zinaweza kuwa chache. Karani wa hoteli Nungwi anayefungua jedwali la wageni, barua pepe na kurasa kumi za intaneti, 8 zitamtosha; kwa anayehariri video za harusi ningesema 16, asishuke. Na ukilazimika kuchagua kati ya i7 yenye 4 na i5 ya kizazi hicho hicho yenye 16, chukua i5.

Kabla ya kutoa pesa, jipimie. Kwenye Windows, fungua programu zote unazozitumia kwa siku ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame asilimia. Ukiona prosesa (imeandikwa CPU) iko 15, memori 95 na diski inapanda hadi 100, tatizo umelipata: ongeza RAM. Ikiwa prosesa ndiyo iliyogota 100 na memori iko nusu, usinunue RAM, maana memori isiyotumika haiongezi kasi.

Yako mambo ambayo fundi anaweza kuyasahau. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiiwekea 8. Kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake huimega RAM hiyo hiyo kwa ajili ya skrini. Vipande viwili vya 4 kwa kawaida huilisha prosesa haraka kuliko kimoja cha 8, kwa kuwa data inapita njia mbili. RAM nazo zina vizazi: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, wala DDR4 kwenye la DDR5. Na laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki tena, kwa hiyo mwambie muuzaji akufungulie kifuniko cha chini ulione tundu kwa macho yako kabla hamjaanza kupatana bei.