Ini lako limesoma 14? Tuulize kwanza lilipimwaje

Karibu kila wiki kwenye chumba chetu cha altrasaundi anaingia mtu ameshika karatasi ya kipimo alichofanya sehemu nyingine, ameshaisoma njiani, ameshauliza Google, usiku hajalala, na akikaa tu anasema dokta hii 14 ni sirosisi (ini lililojaa makovu) si ndio? Mimi huwa namuuliza asubuhi ile ulikunywa chai? Anashangaa, anaona namkwepa, chai na chapati zinahusiana nini na makovu kwenye ini. Zinahusiana sana na ndo maana naandika hapa, sababu watu wanaumia bure kwa namba, na wengine kinyume chake wanatulia wakati hawakutakiwa kutulia.

Tuanze na mashine inachofanya. Zamani daktari alikuwa anakulaza anaingiza vidole chini ya mbavu upande wa kulia anasikilizia kama ini limekakamaa, na mpaka leo tunafanya hivyo. Mashine za siku hizi, FibroScan na zile altrasaundi kubwa zenye uwezo wa kupima ugumu, zinatikisa ini kidogo alafu zinaangalia ule mtikisiko unakimbia kwa spidi gani. Fikiria kamba ya kuanikia nguo, ukiikaza vizuri ukaigonga huku mtikisiko unafika upande wa pili chap, ikilegea unatambaa. Ini laini mtikisiko unatembea kama mita 1.3 hivi kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, wakati sauti ya altrasaundi yenyewe inakwenda mita 1540 kwa sekunde, kwahiyo mashine inapata muda wa kutosha kulipiga picha hilo wimbi linavyopita.

Sasa sikia hapa maana wengi hata wahudumu wenzetu wanapasahau. Mashine inapima spidi, haipimi makovu. Ile namba ya kilopaskali, yaani kipimo cha ugumu kama hiyo 14, unayoiona inapatikana kwa kuchukua spidi, kuizidisha yenyewe kwa yenyewe, alafu mara tatu. Spidi ya 1 inakupa 3, spidi ya 2 inakupa 12. Umeona ilivyoruka? Spidi imekuwa mara mbili tu lakini namba imekuwa mara nne, kwahiyo kosa la asilimia 10 kwenye spidi linakuja kuwa asilimia 21 kwenye karatasi yako. Kakosa kadogo ka mkono au ka pumzi kanavimba.

Na ini linakuwa gumu kwa sababu nyingi, makovu ni moja tu. Ini ni kama sponji limejaa damu ndani ya mfuko usiotanuka sana, chochote kinacholijaza kinalikaza. Ukila, damu nyingi inakimbilia tumboni kubeba chakula na yote inapitia kwenye ini, namba inapanda ndani ya nusu saa mpaka saa moja hivi na inachukua masaa mawili matatu kurudi, na kwa mwenye makovu tayari inapanda zaidi. Ndo maana tunasema njoo hujala masaa matatu angalau, sehemu zingine wanataka manne au zaidi, na sio kwamba tunakutesa. Chai ya maziwa na vitumbua vya stendi navyo ni chakula.

Kubwa kuliko chakula ni moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, damu inarudi nyuma inajaa kwenye ini, na hapo namba inaweza kwenda juu sana, juu ya kiwango cha sirosisi kabisa, kwa mtu ambaye ini lake halina makovu ya maana. Akipewa dawa za kupunguza maji mwilini, miguu ikanywea, ukimpima tena namba imeshuka. Mzee aliyevimba miguu, anayelala na mito mitatu sababu anakosa pumzi akilala chali, huyo aangaliwe moyo kwanza kabla hatujaandika neno sirosisi kwenye faili lake, maana hilo neno likishaandikwa halifutiki kirahisi na familia nzima inaanza kumuangalia kama mlevi hata kama hajawahi kuonja pombe.

Ini likiwa limewaka nako ni hivyohivyo. Mtu mwenye homa ya ini B ambayo imeamka, macho ya njano, vimeng'enya vya ini kwenye damu vimepanda zaidi ya mara 5 ya kawaida, ukimpima siku hiyo unapima uvimbe na makovu kwa pamoja na huwezi kuvitenganisha. Tunasubiri itulie. Jiwe limeziba njia ya nyongo, sawa na hivyo, njia ikizibuliwa namba inashuka. Na pombe, niseme wazi bila kumhukumu mtu, anayekunywa kila siku akiacha kwa wiki chache tu namba yake inaweza kushuka na makovu yakiwa ni yaleyale, kwahiyo tafadhali mwambie ukweli anayekupima, hatuendi kumsimulia mtu.

Tuje kwenye mkono wa anayepima. Utalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke, jeli ya baridi, alafu probu, kile kifaa cha kupimia tunachokishika mkononi, inawekwa katikati ya mbavu mbili, imesimama wima sio imeinama. Tunapima upande wa kulia wa ini sababu ule wa kushoto unarukaruka na moyo. Kwenye zile altrasaundi kubwa tunachagua wenyewe pa kupima, tunashuka sentimita moja na nusu mpaka mbili chini ya ngozi ya ini, maana pale juu kabisa mawimbi yanagonga na kurudi yanatoa namba za uongo, na tunakwepa mishipa ya damu. Pumzi ndo balaa. Watu wakiambiwa wasimamishe pumzi wanavuta ndefu kama wanazama baharini alafu wanajikaza, tumbo gumu, presha kwenye mishipa inabadilika na namba inaharibika. Pumua kawaida kabisa, ukiambiwa simama, simama hapohapo ulipofika.

Mwili nao una yake. Mafuta yakiwa mengi kati ya ngozi na ini, zaidi ya sentimita mbili na nusu, probu ya kawaida inaweza kuanza kupima kabla haijafika kwenye ini vizuri, kuna probu maalum ya watu wanene na itumike hiyo. Maji yakijaa tumboni FibroScan haifanyi kazi kwa sababu mtikisiko wake unatoka nje ya ngozi na haupiti kwenye maji, zile zinazosukuma kwa sauti ya altrasaundi zinaweza kupita. Kuna utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka mwaka 2010, vipimo 13,369, asilimia 3.1 havikutoa namba kabisa na asilimia 15.8 vilitoa namba isiyoaminika, na sababu zilizojitokeza sana ni unene na mpimaji aliyekuwa hajafikisha vipimo 500. Yaani karibu kipimo kimoja kati ya vitano.

Kwahiyo karatasi yako usiangalie namba kubwa peke yake. Kwa FibroScan mtu anapimwa mara 10 na namba inayoandikwa ni ile ya katikati. Pembeni yake kuna herufi IQR/med na asilimia, hiyo inaonyesha vile vipimo 10 vilitawanyika kiasi gani. Ikiwa 30 au chini hapo tunaongea, ikiwa 45 na namba yako imepanda mimi siamini, rudia. Kwenye mashine zinazoandika spidi badala ya kilopaskali mpaka ni 15, sababu ya ile hesabu ya kuzidisha niliyosema juu. Kama karatasi haina hiyo asilimia, omba, ni haki yako.

Na mashine mbili tofauti usizilinganishe. FibroScan inatikisa mara 50 kwa sekunde, zingine zinatikisa haraka zaidi, na nyama ya ini ukiitikisa haraka inaonekana ngumu zaidi. Mama mmoja alikuja analia ini limetoka 8 mpaka 11 ndani ya miezi mitatu, kumbe ni mashine mbili, hospitali mbili, na ya pili alipima ametoka kula. Mipaka inayotumika kwa homa ya ini B, ile ya WHO ya 2024 ya zaidi ya 7 kwa makovu ya maana na zaidi ya 12.5 kwa sirosisi, ni ya FibroScan, usiibebe ukaipachika kwenye mashine yoyote.

Nimesema mengi kuhusu namba inayodanganya kwa kupanda, lakini inayonitisha mimi ni inayodanganya kwa kushuka. Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, Ukerewe na visiwa vingine, kule kichocho cha matumbo kipo miaka yote. Mayai ya yule minyoo yanaleta makovu kandokando ya mshipa mkubwa unaoleta damu kwenye ini, na nyama yenyewe ya ini inaweza kubaki laini. Mtu bandama limefika kitovuni, anatapika damu, na mashine inakuandikia namba ya wastani tu. Hapo picha ya altrasaundi ya kawaida, inayoonyesha ile mishipa na bandama, inakuambia zaidi kuliko kilopaskali, na aliyekulia kule akija lazima aulizwe kama alikuwa anaogelea ziwani utotoni, tena aulizwe na yule anayeshika probu, sio daktari peke yake.

Ukija kupima basi usile toka usiku ukiweza, njoo na majibu ya damu ya karibuni, na kama unakunywa dawa za moyo sema. Ukirudia baada ya miezi sita au mwaka njoo na karatasi ya zamani, tuangalie mashine ilikuwa ipi, probu ipi, ulikuwa umekula au hujala, na kama mashine imebadilika tunaandika wazi kwenye ripoti kwamba namba hii ndo ya kwanza, tunaanza kuhesabu hapa.