ECG safi haimaanishi mishipa ya moyo iko wazi

Wengi huamini kwamba ECG ikitoka safi, moyo hauna tatizo. Sivyo. ECG hupima umeme wa moyo, tena mara nyingi mtu akiwa amelala. Mshipa unaweza kuwa umebanwa asilimia 70 na damu bado ikatosha, kwa sababu mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka kufidia. Upungufu hujitokeza moyo unapotakiwa kufanya kazi zaidi.

Ndiyo maana skani ya mtiririko wa damu kwa kawaida huwa na picha mbili: ya mapumziko, na ya baada ya mazoezi au dawa ya kutanua mishipa kama adenosini. Eneo la misuli ya moyo linalofifia kwenye picha ya pili pekee linakosa damu ya kutosha moyo unapofanya kazi zaidi. Likififia kwenye zote mbili, mara nyingi ni kovu. Kahawa na chai (ndiyo, hata ya rangi) huachwa angalau saa 12 kabla, maana kafeini huizuia adenosini na picha ikadanganya.

Aina moja ya skani hiyo, SPECT, hulinganisha eneo na eneo, hivyo mishipa yote mitatu mikuu ya moyo ikibanwa sawasawa, picha yaweza kuonekana nzuri. Aina nyingine, PET, hupima mililita za damu kwa dakika kwa kila gramu ya misuli. Mtiririko wa picha ya pili usipofika mara 2 ya ule wa mapumziko, hatari huongezeka.